Uzoefu wa Kupanda

Hakuna mtu aliyezijua njia za baiskeli za vilima vile kumshinda Bwana Ramani, na hakuna aliyezijua kwa mbali kama yeye. Alizijua kutoka kitini. Kiti chenyewe kilikuwa cha ofisini, chenye magurudumu matano, yaani matatu zaidi ya baiskeli, na kwa hesabu yake hilo lilimweka mbele ya waendeshaji wote wa dunia.

Alikuwa karani wa ofisi ya utalii, chumba cha mwisho, kinachopakana na stoo ya mafagio. Ukutani ilitundikwa ramani kuukuu ya vilima vyote vilivyolala miguuni mwa mlima kama vifaranga chini ya bawa. Kwa ramani hiyo, penseli nyekundu na chai ya maziwa, alikuwa amechora njia saba za changarawe zisizopitiwa na gari hata moja, kisha akazitungia kijitabu.

Kijitabu kilisifiwa, na hakikustahili kulaumiwa kwa maneno. "Huku honi haijazaliwa," aliandika. "Utasikia changarawe ikinong'ona chini ya tairi, na ndege akiiitikia." Waliosoma walitamani kuuza magari yao siku hiyohiyo.

Tatizo lilikuwa mistari. Ramani ile ilijaa mistari myembamba ya kahawia, ile inayoonyesha mwinuko wa ardhi, ambayo hubanana palipo na kilima kikali. Bwana Ramani hakuwa ameambiwa, na hakuwa mtu wa kuuliza. Aliitazama akaamua kwamba ni vijia vya miguu. Penye mistari mingi pana vijia vingi, akawaza. Penye vijia vingi hupita watu wengi. Na watu wengi hawapiti pagumu. Basi akatafuta mahali mistari ilipobanana kama meno ya kitana, akaipitisha hapo Njia ya Nne, akaiita Njia ya Familia. Chini yake akaandika: "Inafaa watoto, wazee, na waliotoka kula sasa hivi."

Mambo yangeishia hapo, kama ofisi isingetangaza nafasi ya Msimamizi wa Njia za Baiskeli. Ofisi ya msimamizi ilikuwa na dirisha. Bwana Ramani alikuwa amekaa miaka kumi na moja akinusa mafagio, na alilitaka dirisha lile kama mgonjwa anavyotaka kupambazuke.

Akajaza fomu. Palipoandikwa "Uzoefu" alisita kidogo, kalamu ikining'inia, kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Nimepanda njia zote saba, mara nyingi, na nitapanda tena."

Jioni alimsomea mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na wakati huo alikuwa na pini tatu mdomoni.

"Umepanda nini?" mke aliuliza, akizitema pini kiganjani. "Mume wangu, hata ule mche wa mpapai ulioleta mwaka jana ulifia kwenye mfuko wake."

"Kupanda baiskeli, mwanamke."

"Ipi?"

Swali lilikuwa fupi, na Bwana Ramani akaona si la mtu wa cheo chake kulijibu. Badala yake akaomba ashonewe mavazi ya mwendeshaji: suruali ya kubana, na koti lenye neno MSIMAMIZI mgongoni, kwa uzi wa dhahabu.

"Si hawajakupa bado?"

"Wewe shona. Wakiliona watakumbuka."

Mke akashona. Alimpenda mumewe, na mapenzi yake yalikuwa ya aina ile inayoshona kwanza na kucheka baadaye.

Wiki ya pili ikaja habari: mkaguzi kutoka makao makuu angekuja kuipima Njia ya Nne, akiongozwa na mwombaji mwenyewe. Wakiimaliza pamoja, nafasi ni yake. Bwana Ramani alienda kwa fundi baiskeli kuazima.

"Hii ina gia ishirini na moja," fundi alimweleza. "Namba ndogo ni za kupandia kilima. Namba kubwa ni za tambarare."

"Niweke ishirini na moja."

"Kule ni kilima, kaka."

"Fundi, mimi ndiye niliyeandika kijitabu."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akaweka ishirini na moja, akatia pampu kwenye mfuko wa baiskeli kwa huruma.

Siku yenyewe walikutana saa mbili asubuhi mahali njia inapoanzia, na inapoishia pia, kwa maana ilizunguka kilima na kurudi palepale. Hapo palisimama nguzo tatu za saruji zilizozuia magari. Zilikuwa fahari ya Bwana Ramani. Ndiye aliyeandika barua ziwekwe. Mkurugenzi, mama mmoja mpole mwenye kumbukumbu mbaya sana kwa watu wenye makosa, yaani hasahau, aliegesha gari la ofisi nyuma ya nguzo akabaki hapo na dereva wake kusubiri. Mke naye alikuja, na chupa ya chai.

Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba, suruali yake ya kawaida kaifunga kibanio cha nguo pindoni. Hakuwa msemaji. Alilitazama koti la dhahabu kwa nyuma, akasema, "Naona," akaandika kitu kwenye daftari.

Wakaondoka. Hatua mia mbili za kwanza zilikuwa kama kijitabu kilivyosema. Changarawe ilinong'ona. Ndege akaitikia. Ukungu uliinuka mabondeni taratibu, kama shuka inayoondolewa juu ya mtoto aliyelala, na Bwana Ramani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakiona alichokuwa amekiandika. Macho yalimlowa kidogo. Akageuka amwambie mkaguzi neno zuri.

Ndipo mistari ya kahawia ilipoanza.

Njia ilisimama wima. Haikupinda, haikuomba radhi. Iliinuka tu mbele yake kama ukuta uliomwagiwa kokoto. Mkaguzi alibonyeza gia yake, tik, tik, tik, akapanda polepole kama anayekwea ngazi za nyumbani kwake, akatoweka kwenye kona. Bwana Ramani akakanyaga pedeli kwa uzito wake wote. Pedeli ikamtazama. Baiskeli ikasimama, ikafikiri, ikaanza kurudi nyuma.

Akashuka. Akaanza kuisukuma.

Alisukuma kona ya kwanza. Alisukuma kona ya pili. Kwenye ya tatu alisikia kengele nyuma yake, akapitwa na baiskeli nyeusi ya zamani isiyo na gia hata moja, yenye keria pana iliyofungwa mto. Juu yake alikuwa mkunga wa vijiji vile, mama wa miaka sitini, na mkoba wa vifaa begani.

"Pole na kazi, mwanangu. Unasukuma tangu saa ngapi?"

"Tangu saa mbili na nusu, mama."

Mkunga akatazama saa yake. "Sasa ni saa nne kasorobo. Angekuwa mjamzito wangu, ningeshampeleka hospitali." Kisha akasoma mgongo wake alipompita. "Msimamizi. Hilo ni kweli. Nakuona umesimama."

Akaenda zake, magoti yakipanda na kushuka bila haraka.

Bwana Ramani alijiambia kwamba nyuma ya kona inayofuata lazima pawe tambarare. Alijiambia hivyo kona sita. Kwenye ya sita alijaribu kupanda tena, kwa heshima ya koti, na mguu wa kulia ukamkaza paja lote kama kamba iliyolowa. Akaanguka upande. Suruali ya kubana nayo, ambayo mke alimwonya haivutiki, ikaachia mshono kwa sauti iliyomnyamazisha yule ndege.

Akatoa simu akampigia mkurugenzi.

"Mama, naomba gari."

"Gari haliwezi kupita, Bwana Ramani. Kuna nguzo."

"Basi ziondolewe, mama. Ni dharura."

Karatasi zilichakacha upande wa pili. "Barua yako ninayo hapa, nimekuja nayo nimwonyeshe mkaguzi. Umeandika: 'Nguzo ziwe za saruji na zisiondoleke kamwe, hata pakiwa na dharura, kwa maana dharura ndiyo kisingizio cha kila mwenye gari.' Umeandika vizuri sana."

Bwana Ramani akalala chali juu ya changarawe. Ilikuwa njia tulivu kuliko zote alizowahi kusikia. Hakukuwa na honi, hakukuwa na injini, hakukuwa na roho ya mtu. Kila neno la kijitabu lilikuwa kweli, na yote yalikuwa yamemkalia kifuani.

Kengele ikalia tena. Mkunga alikuwa akishuka.

"Bado?" aliuliza.

"Mguu, mama."

Mkunga akaiweka baiskeli yake kando. Alimkanda paja kwa mikono iliyozoea kazi nzito kuliko hiyo, akamwinua, akamketisha kwenye keria, juu ya mto, akampa mkoba aukumbatie. Baiskeli ya fundi akaiegemeza kwenye jiwe ili ifuatwe baadaye.

"Wangapi nimewashusha hapa," alisema, akishika breki. "Mto huo umewabeba mama wa nusu ya watoto wa shule ile ya juu. Shikilia. Pumua. Usisukume tena, tumeshamaliza kusukuma."

Wakashuka. Kila tairi lilipoingia shimoni Bwana Ramani alitoa mlio, na kila alipotoa mlio mkunga alimwambia, "Vizuri, unaendelea vizuri," kwa mazoea tu.

Kwenye nguzo, dereva aliiona keria ina mtu akasogea haraka kusaidia.

"Mama mkunga, leo umetuletea nini?"

"Mtu mzima," mkunga alijibu. "Kilo themanini na zaidi. Amelia mwenyewe, bila kupigwa."

Mkaguzi alikuwa amekwisha kuzunguka kilima chote, ameketi juu ya nguzo akimenya chungwa. Mke akavua kanga ya mabegani, akamfunga mumewe kiunoni pale mshono ulipoachia. Midomo yake ilitetemeka, lakini si kwa kilio.

"Kwenye fomu," mkaguzi alisema, "umeandika umepanda njia zote saba."

"Mara nyingi, mzee," alijibu Bwana Ramani kutoka kwenye keria.

"Naona."

Barua ya ofisi ilifika baada ya wiki. Jina la Njia ya Familia lingebaki, kwa kuwa mkunga alithibitisha kwamba familia nyingi zilianzia humo. Mengine yote kwenye kijitabu yangeandikwa upya na mkunga akisaidiwa na mkaguzi. Kisha ikaja aya ya mwisho, nayo Bwana Ramani alimsomea mkewe mara mbili:

"Njia ya Nne haina kivuli hata mahali pamoja. Kwa kuwa umethibitisha kwa mwandiko wako uzoefu wa kupanda njia zote saba, mara nyingi, na ahadi ya kupanda tena, utakabidhiwa jembe na miche mia saba. Anza Jumatatu."

Mke alilichukua koti, akashika mkasi mdogo. "Hili neno nilifumue?"

Bwana Ramani akaushika mkono wenye mkasi. "Liache. Miche nayo inahitaji msimamizi."

Tangu hapo yuko kilimani kila asubuhi, dhahabu mgongoni, udongo magotini. Ofisi yake mpya haina dirisha, kwa sababu haina ukuta. Na kila mkunga anapopita, hupiga kengele na kuuliza bila kushuka:

"Mwanangu, umepanda?"

"Nimepanda, mama," hujibu Bwana Ramani, na siku hizi haongezi neno.