Kurasa Arobaini za Mwalimu Leodgar

Jumatatu, 14 Julai 2025
Safina wa maktaba ameandika makala mbili kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaiandikia na yeyote anaisoma bure. Sasa mtaa wetu mzima wa Kasingirima unamwita mtafiti. Mimi Swaibu, ninayetoa fotokopi za utafiti wa watu mwaka wa tisa huu, sijaitwa chochote. Nami nitaandika. Dagaa wa Kibirizi.

Kikwazo kidogo: kuhusu dagaa najua kuwala tu. Bahati nzuri Mwalimu Leodgar, mstaafu, ameniachia kijitabu chake nimtolee nakala. Kurasa arobaini. Alikaa miaka sita na kina mama wanaoanika dagaa, akiandika wanayosema.

Jumanne, 15 Julai
Nimeskani zote, nimebandika zote kwenye kamusi. Majina ya kina mama nimeyafuta, yanachosha kusoma. Safina alikuja kununua bahasha, nikamwonyesha. Akauliza tangu lini babu yangu alikuwa mvuvi, maana yeye anamkumbuka akishona kanzu Ujiji. Yule babu ni wa Mwalimu, nilisahau kumfuta ukurasa wa kumi. Nikajibu kwamba ukoo wetu ni mkubwa.

Jumatano, 16 Julai
Imefutwa. Mhariri mmoja wa kujitolea anasema maandishi ni ya mtu mwingine. Nikamwandikia kwamba sheria ya hakimiliki inaruhusu kutumia kazi ya mtu bila kumwomba, kwa elimu na kwa kunukuu. Niliisoma kwenye karatasi ya mwanafunzi iliyokwama kwenye mashine. Ukurasa mmoja tu, lakini ulitosha.

Akajibu kwa upole, na upole ndio ulioniudhi. Ruhusa hiyo ni ya mistari michache, na mwenyewe atajwe. Si ya kubeba kitabu kizima. Tena kilichomo kwenye kamusi kila mtu anaruhusiwa kukichapa, hata kukiuza, mradi ataje waandishi na awaachie wengine ruhusa hiyohiyo. Akamalizia: “Huwezi kuwapa watu ruhusa ambayo wewe hukupewa.”

Alhamisi, 17 Julai
Mbinu mpya: nabadilisha maneno, kazi inakuwa yangu. Nimeiagiza kompyuta kila penye “taa” iweke “kandili”. Nikapandisha bila kusoma. Sasa Kibirizi ina mkandililamu wa uvuvi anayeishi mkandili wa pili. Safina amecheka mpaka akakalia katoni ya karatasi. Mhariri amefuta tena, na amenifungia nisiandike kwa wiki mbili.

Ijumaa, 18 Julai
Mwalimu amekuja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi. Hakufoka. Alisema aliwaahidi wale kina mama kwamba maneno yao yatakwenda na majina yao.

“Umefuta watu kumi na mmoja, Swaibu. Mama Recho tulimzika mwezi wa tano. Jina lake limebaki mle kijitabuni tu.”

Nikajishughulisha na stepla isiyokuwa na pini. Nikamwomba radhi, kwa dhati kabisa. Kisha nikamwomba ruhusa ya maandishi. Alisema ningeomba Jumatatu angenipa. Jana Safina alimfuata nyumbani akaomba, naye ameshamtilia sahihi.

Jumapili, 20 Julai
Makala ya Safina imetoka. Ameandika kwa maneno yake, na pale anaponukuu, jina lipo. Mama Recho anaeleza namna ya kuanua dagaa mvua inapokuja kutoka ziwani, na ni kama unamsikia. Nimeisoma mara mbili. Nimeona haya kweli. Nikaapa kubadilika, nikanywa chai.

Baada ya chai nikakumbuka maneno ya mhariri: kila mtu anaruhusiwa kukichapa, hata kukiuza. Kwa hiyo safari hii niko ndani ya sheria. Nimeichapa makala ya Safina vitabu thelathini, jalada la rangi: Dagaa wa Kibirizi, na Swaibu Hamdani. Kesho navipeleka shuleni. Majina ya wengine sikuyaweka. Jalada ni dogo, na picha yangu ilihitaji nafasi.