Taya Langu, Mama Mkwe na Mtaalamu wa Kwenye Simu

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Taya limegoma. Nilipopiga mwayo asubuhi lililia ka! kama bawaba ya kabati, mke wangu akageuka akiuliza nani kaingia. Maumivu kutoka sikioni hadi shingoni. Na harusi ya binti yetu wa pekee ni Jumamosi ya wiki ijayo! Na mtoa hotuba ni mimi, baba! Nimeiandaa tangu siku ile mchumba alipokuja kujitambulisha. Ina utangulizi. Ina maneno machache kabla ya utangulizi. Ina sehemu ya vichekesho. Haitoki kwa mdomo unaofunguka nusu.

Daktari wa meno anasema meno ni mazima, kinachouma ni kiungo cha taya. Akauliza kazi yangu. Fundi cherehani. Akauliza kama hubana pini kwa meno na kukata uzi kwa meno. Nikamuuliza ana mkasi gani wa karibu kuliko huo. Akashusha pumzi, akanipa namba ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayetibu watu kwa video, kila mtu akiwa kwake.

Kutibiwa na simu! Ningekataa. Lakini jioni kaka wa mke wangu, tunayemwita Spika kwa sababu ya sauti yake, alipita dukani akasema kwa huruma nyingi kwamba taya likikataa, hotuba ataibeba yeye. Huruma ile ilikuwa na meno. Nimempigia mtaalamu papo hapo.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Somo la kwanza. Simu nimeiegemeza kwenye kibunda cha uzi, juu ya cherehani. Mtaalamu ni msichana wa rika la binti yangu, mpole, lakini hadanganyiki. Akaniambia nifungue mdomo. Akasema unafunguka huku ukipinda kushoto. Nikamwambia labda simu ndiyo imepinda. Akaniomba niinyooshe. Nikainyoosha. Taya likabaki limepinda.

Maagizo: ncha ya ulimi iguse kaakaa, nyuma ya meno ya juu, nifungue mdomo polepole mbele ya kioo bila kuuachia ulimi. Nikiwa kimya, midomo ifungwe ila meno yasigusane. Kitambaa cha uvuguvugu shavuni. Vyakula laini. Hakuna jojo. Hakuna pini! Na kila siku nimtumie video fupi ya mazoezi.

Sasa balaa. Mama mkwe anaishi nasi, na mchana hukaa kona ya duka langu akishona vifungo na kuona kila kitu. Akasogeza kiti hadi akaingia kwenye picha. Haumwi popote. Alisema ananisindikiza tu, mkwe wake asijisikie mpweke. Akafungua mdomo. Mtaalamu akafurahi, akaniambia nimtazame Mama, taya linashuka limenyooka kama rula.

Mama mkwe akanigeukia. Akatabasamu tu. Angesema, ningeumia kidogo.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Sina nafasi ya video kila siku! Gauni la bibi harusi lina mikono ya kutarizi, na wasimamizi wake wananenepa kila nikiwapima. Mama mkwe, yeye, anatuma zake kwa simu ya mke wangu, asubuhi kabla ya chai. Nani kamwomba?

Lakini akili ni mali yangu. Leo nimerekodi video ya leo, ya kesho na ya keshokutwa kwa mkupuo mmoja. Mtu akiziona atadai ni siku tofauti, kwa sababu kila moja nimevaa shati tofauti. Mashati ninayo ukuta mzima! Ya wateja, ndiyo, lakini nimeyavaa kwa heshima. Nitakuwa natuma moja moja. Raha iliyoje kuwa na kipaji.

Jumatatu, tarehe 10 Agosti

Somo la pili. Siku mbaya.

Mtaalamu alinishukuru kwa video. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba saa ya ukutani kwangu inaonekana imesimama saa nne na robo tangu Ijumaa. Nikasema betri. Akasema Mama, pale nyuma, ameshika kifungo kilekile kwa siku tatu. Nikasema ni kifungo kigumu. Akaisogelea kamera. Akauliza kama ile blauzi ya Jumapili, yenye marinda kifuani, ni yangu.

Nilikuwa nimevaa ya mke wa mwalimu mkuu!

Mama mkwe akacheka mpaka miwani ikaanguka. Hata mtaalamu nilimwona akijifunika mdomo kwa kalamu. Baadaye akawa makini. Akasema hanikasirikii, ila taya ni langu na harusi ni yangu, na yeye kule aliko hawezi kunifungulia mdomo. Akaongeza kwamba Mama anaendelea vizuri sana. Kuendelea kutoka wapi? Haumwi!

Jumatano, tarehe 12 Agosti

Nimeamua. Mama mkwe hatanishinda ndani ya duka langu.

Mtaalamu alisema nisukume kidevu kwa vidole viwili, kidogo tu, taya likishindana navyo. Vidole viwili ni vya wagonjwa. Nimetumia ngumi. Alisema mara chache kisha nipumzike. Nimefanya nikikata kitambaa, nikipiga pasi, nikiongea na mteja. Mteja alidhani nina mawazo mazito. Kuna joto fulani karibu na sikio. Bila shaka ni nguvu inaingia.

Alhamisi, tarehe 13 Agosti

Haikuwa nguvu.

Nimeamka taya limekaza. Halifunguki zaidi ya upana wa kidole. Nilijaribu kumwita mke wangu, ikatoka sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku. Alipoelewa, akaketi kitandani, akanishika mkono, machozi yakamlenga. Binti yangu akaja, akasimama mlangoni akiuliza kama baba ataweza kusema Jumamosi. Sikuweza kumjibu hata hilo. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimpigia mtaalamu mwenyewe, akamwonyesha uso wangu kwa simu kutoka pande zote kama anauza tikiti maji. Mtaalamu akauliza maswali, akasema ni misuli imekasirika kwa kuonewa, kiungo hakijahama, ila lisipolegea hadi jioni niende hospitali. Akamwelekeza Mama: kitambaa cha uvuguvugu, kisha vidole shavuni, mviringo mdogo, taratibu, hapo, usikandamize.

Nimekaa kwenye kiti cha wateja, mama mkwe akinikanda mashavu kama mtoto. Akaniambia, “Baba, legeza. Hakuna anayeshindana na wewe hapa.” Vidole vyake vina sugu za sindano kama vyangu. Sikujua.

Jioni mdomo ulipokea vidole viwili. Nimekunywa uji. Mtaalamu ameniruhusu niseme maneno machache tu Jumamosi, kwa sauti ya chini. Machache! Spika kasikia. Tayari anagugumia maji ya tangawizi.

Jumamosi, tarehe 15 Agosti

Ukumbi ulijaa. Gauni lilikaa mwilini kama limeota. Spika alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, tayari kuruka. Nikainuka kabla hajaruka.

Nikashika kipaza sauti. Nikafungua mdomo. Ka! Ukumbi mzima ulisikia. Mpiga muziki akakagua nyaya zake.

Utangulizi ukanitoka kichwani. Maumivu yakanipanda. Nikamtazama binti yangu, nikasema yaliyokuwepo:

“Mwanangu, sare yako ya kwanza ya shule niliikosea mkono mmoja. Ukaivaa mwaka mzima, hukuniambia, usije ukaniumiza. Gauni hili nimelifumua na kulishona tena mara mbili. Mkwe wangu, mtunze. Mwanangu, siku ukichoka, nyumbani kupo.”

Nikakaa. Halafu binti yangu akaacha meza kuu, akaja na gauni lake lote akanikumbatia, akanilowesha koti. Mke wangu analia. Mama mkwe analia. Spika alipewa kipaza sauti akashindwa kutamka hata salamu, akakirudisha huku akipenga kamasi.

Watu wanasema hawajasikia hotuba kama ile.

Jumanne, tarehe 18 Agosti

Mtaalamu amenipongeza. Kasema sasa ni mapumziko kwa taya: niongee kidogo, nisipige kelele, nisiwe na haraka. Nikaahidi nikiwa nimeweka mkono kifuani.

Mchana akaja mwenye duka la viatu. Alikuwepo harusini, na sauti yangu imemkosesha usingizi. Anafungua duka la pili Jumamosi, anataka mtu wa kusimama mlangoni na bomba la kutangazia, kuita wateja kuanzia asubuhi hadi jua lizame. Mtu mwenye kipaji. Ningemwambia nini? Kipaji kikibishiwa hodi hakikai ndani. Bomba ameniachia nikafanye mazoezi.

Nimeenda nalo nyuma ya nyumba, mbali na macho. Nimeita viatu vya kike, viatu vya kiume, ndala. Nilipogeuka mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Nikangoja lawama. Akaniuliza tu pa kubonyeza ni wapi. Akalichukua, akaita ndala mara moja. Mbwa wa jirani wakaitika, na mama mmoja akatokeza barabarani kuuliza ni bei gani.

Nimelirudisha begani kwangu kwa adabu. Kesho nitaanza mapema, kabla hajaamka, na nitaita kwa nguvu zaidi. Taya limelia kidogo. Baridi hiyo.