Bega la Kushoto la Mpiga Piano

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Habari imethibitishwa. Jumamosi anakuja Mteuzi, mtu wa lile kundi kubwa la dansi lenye jukwaa lake. Atachukua mwanafunzi mmoja. Mmoja tu, kutoka darasa la mwisho la shule ya baleti ambako mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, hupiga piano kila jioni.

Mjukuu wangu yumo darasani. Wanamwita Kiroboto, kwa jinsi anavyoruka. Asipochaguliwa, basi tena; mjomba wake keshamtafutia nafasi ya kusomea uhasibu. Sina ubaya na wahasibu. Lakini Kiroboto hawezi kutulia kitini hata chai ikaisha.

Kizuizi ni Twiga. Miguu mirefu mpaka inachosha kuitazama. Tena ana bibi. Bibi Kofia huja naye, huketi benchi la mlangoni, hufuma sweta na kutoa maoni. Leo kasema piano yangu inalia kama masufuria yanayoporomoka ngazini.

Nimepata mpango. Nitaueleza kwa utaratibu, maana ni wa kisayansi. Mguu mfupi hukunjuka upesi, mrefu huchelewa. Wanafunzi hucheza mmoja mmoja, na mwendo wa muziki uko vidoleni mwangu. Akija Twiga, naongeza kasi. Akija Kiroboto, narudisha. Kisha kuna pale wanaposimama juu ya ncha ya mguu mmoja mpaka noti ndefu iishe. Hapo Kiroboto huyumba. Kwake noti nitaikata. Kwa Twiga nitairefusha. Huu si udanganyifu. Ni fizikia.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Jaribio la kwanza. Twiga alipoanza kuruka, nikakaza mwendo. Miguu ikamchanganyikia kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Nikajisikia kijana.

Kisha Mwalimu, mama mwembamba mwenye fimbo ya kugongea sakafu, akasema hicho ndicho Twiga alichokuwa anakosa: wepesi wa nyayo. Akaniomba nirudie kwa kasi ileile. Nikarudia. Akasema tena, Mzee, usilegee. Nikapiga mpaka vidole vikakakamaa, na kila mara yule mtoto akawa mwepesi zaidi.

Wakati wa kutoka, Bibi Kofia kanishukuru kwa kumsaidia mjukuu wake. Nimejibu kwamba ni wajibu wangu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Leo zamu ya noti ndefu. Twiga alipanda juu ya ncha ya mguu. Nikaishikilia noti. Nikangoja ayumbe. Hakuyumba. Nikapamba kidogo kwa mkono wa kulia, nikingoja. Wapi. Aliyetetemeka ni mimi, mguu wangu ulipokaza misuli kwenye pedali. Mlangoni, Bibi Kofia akaweka sindano zake chini na kupiga makofi.

Akaja Kiroboto. Nikakata noti mapema, kama mpango unavyosema, na yeye akabaki juu peke yake bila muziki, akashuka kwa aibu. Mwalimu kauliza kama nina basi la kuwahi.

Nyumbani, Kiroboto aliosha vyombo amesimama mguu mmoja. Akaniuliza, bila kugeuka, ninamfanyia nini pale kwenye piano. Nikamweleza kuhusu vitu virefu na vitu vifupi. Akasikiliza mpaka mwisho, mtoto ana adabu. Kisha kasema, Babu, nakuomba, Jumamosi piga tu kama kawaida, hii ndiyo nafasi yangu. Nikamwahidi kwamba nitapiga inavyostahili. Akasema hilo silo alilouliza.

Akabadilisha mguu, akaendelea na masufuria.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimewakuta Kiroboto na Twiga kwenye korido, karibu na boksi la utomvu uliosagwa, ule wanaoukanyaga ili viatu visiteleze. Walikuwa wananong'ona na kucheka. Nilipokaribia wakanyamaza, wakaniamkia kwa pamoja kama malaika. Kiroboto ni mtoto mwema, hajui kwamba yule ni mpinzani. Sikutaka kumvunja moyo.

Kitu kimoja cha ajabu. Leo, walipocheza wote kwa pamoja, nilibadilisha mwendo mara kadhaa, na wote wawili wakabadilika nami papo hapo, kana kwamba wameambiwa. Wenzao walitawanyika kama kuku. Huenda ni bahati. Kesho nitakaza zaidi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nitaandika polepole.

Mteuzi alifika, bwana mfupi mwenye viatu visivyotoa sauti. Akaketi mbele ya kioo. Mimi nilivua miwani, asije akaniona kikongwe. Kumbuka wasichana wote walivaa nguo nyeusi na kufunga nywele kisogoni.

Miruko ilipita salama. Ikaja noti ndefu. Akasogea msichana mmoja katikati. Kwangu, bila miwani, alikuwa wingu jeusi, nami nikaliona refu. Twiga, nikasema moyoni. Nikaishika noti kwa nguvu zote.

Msichana akapanda, akatulia. Nikairefusha. Akatulia. Mteuzi akainama mbele. Ndipo nikaisikia ile pumzi ya puani, ninayoisikia kila siku jikoni kwangu kwenye sinki. Kiroboto! Nilitaka kuikata noti, vidole vikagoma kwa hofu. Nikabaki naibonyeza kama mtu aliyeshika mlango usianguke. Mwalimu alisahau fimbo hewani. Na yule mtoto, ambaye juzi alikuwa anayumba, alisimama kama msumari mpaka nilipomaliza mimi, si yeye.

Twiga alifuata, naye alicheza vizuri sana. Nilikuwa nimechoka mno kumfanyia lolote.

Mteuzi kasema amewahi kuona miguu mizuri mingi, lakini si mtu anayeusikiliza muziki namna ile. Kamchukua Kiroboto. Twiga kaambiwa ajaribu mwezi ujao kwenye kundi jingine, atampendekeza yeye mwenyewe. Wasichana walikumbatiana wakalia. Bibi Kofia kasema kwamba mjukuu wangu amestahili.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mjomba kapigiwa simu. Kaguna, kisha kampongeza.

Wakati wa chai Kiroboto kaniambia siri. Kila ninapotaka kubadilisha mwendo, bega langu la kushoto hupanda kwanza. Kaligundua Alhamisi, nilipomkatia noti, akaenda kumwambia Twiga, kwa sababu, anasema, haikuwa haki yeye ajue peke yake. Tangu siku hiyo wananitazama mimi kwenye kioo. Na kwa kuwa hakuniamini tena na ile noti, akajifunza kusimama. Kisha kanibusu kichwani, kasema, Babu, pumzika sasa.

Nimetafakari sana. Somo liko wazi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Bibi Kofia kaja mwenyewe mpaka kwenye piano. Kasema Twiga amekataa kwenda kule mwezi ujao na mpiga piano mwingine. Anataka mimi, amenizoea. Bibi kaongeza kwamba masufuria yangu yana namna yake. Kanipa na lile sweta alilokuwa anafuma siku zote hizi. Nimeguswa. Nimeapa kimoyomoyo kumsaidia yule mtoto kwa kila mbinu ninayoijua: kasi pale alipo mwepesi, noti ndefu mpaka wachaguzi wasimame.

Kosa la mpango wangu lilikuwa moja tu, nalo limerekebishwa. Nimelitoa kabatini koti langu zito la zamani, lile lenye mabega mapana, nikalivaa juu ya sweta, nikapiga piano mbele ya kioo. Bega halionekani hata kidogo.

Twiga hatajua kitu.