Ndege Mpya, Rangi ya Zamani

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimepata wazo! Kampuni yetu inaanza safari za ndege kati ya Bariadi na Mwanza mwezi huu. Siku hizi kila mwenye mtaji anaruhusiwa kurusha ndege, na washindani wanakuja. Mkurugenzi anataka yetu ipakwe rangi za zamani, ili watu wakumbuke enzi zao na waipende kabla hawajaipanda. Karani atakayetoa rangi bora atathibitishwa kazini. Mimi bado niko kwenye majaribio. Karani mwenzangu Salvatory pia. Nafasi ni moja.

Jumatano, 5 Juni

Nimependekeza njano, na mstari mwekundu ubavuni. Ndiyo ndege ya utoto wangu kule Mwamapalala. Ikipita chini chini, kijiji kizima kilikuwa kinakimbia kwa furaha. Bibi alikuwa ananibeba mbio mpaka ndani, bila shaka tukamwamshe babu naye aione. Salvatory amependekeza bluu. Bluu! Ameniuliza, mbele ya Violeth wa tiketi, kama nauza safari au ndizi mbivu. Violeth amecheka. Nami nimecheka, kwa woga.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeshinda! Ndege imeshapakwa huko Mwanza. Meneja wetu, Bwana Kasmiri, amenipa mkono. Salvatory amesema tusubiri kwanza itue. Wivu mtupu.

Jumatatu, 17 Juni

Imetua.

Kwaya ya kuipokea ilikuwa kwenye ubeti wa pili. Ndege ikajitokeza upande wa Nkoma, ya njano, inang'aa, nzuri mno. Sauti ya kwanza ikakatika. Kisha zote. Akina mama wa nyumba za jirani wakakimbilia michembe ya viazi waliyoianika. Mtu akapiga kelele kwamba tufunike maji. Mahona, mnunuzi wa pamba na mgeni rasmi wetu, akafunika soda yake kwa kofia, akaingia nayo chini ya meza.

Nikamsimamisha mama mmoja, Mayu Nyanjige, nikamuuliza anakimbia nini. Akauliza nimesomea shule gani. Akasema hiyo ndiyo ndege ya sumu, ile iliyokuwa inanyunyizia kwelea kwelea, na kwamba nizibe pua kwanza, maswali baadaye.

Abiria sita walikuwa na tiketi. Hakupanda hata mmoja. Bwana Kasmiri hakunigombeza. Hilo ndilo limenitisha zaidi.

Jumanne, 18 Juni

Asubuhi foleni mpaka barabarani! Nikamwambia Violeth kwamba watu wameshaizoea. Akasema niwaulize wanakwenda wapi.

Hawaendi popote. Ni wakulima wa mtama. Mzee Luhende, msemaji wao, alitupa salamu ya mwangaluka kwa heshima zote, kisha akaomba tuanzie shambani kwake, maana kwelea kwelea wamemaliza nusu. Salvatory akanionyesha kwa kidole, akamwambia mzee kwamba bwana sumu ndiye huyu.

Bwana Kasmiri amenipa nafasi ya mwisho. Kesho nilete rangi ambayo hakuna mtu wa Bariadi atakayeogopa kuisogelea, la sivyo nirudi nyumbani nikachunge ng'ombe.

Nimetulia. Safari hii nimefikiri kwa makini. Nyeupe tupu, na msalaba mwekundu mkiani, kama zile ndege za zamani zilizokuwa zinaleta madaktari wa chanjo. Nakumbuka vizuri! Ikitua tu karibu na shule yetu, darasa zima lilikuwa linatokea madirishani na kutimkia vichakani. Hatukuwa na subira hata ya kutafuta mlango!