Biskuti na Kizibao cha Bluu

Jumatatu, 3 Machi 1997
"Mbwa mdogo hafundishiki, ni panya anayebweka." Ndivyo alivyosema jirani yangu Telesphory leo, mbele ya mke wangu. Uongo mtupu. Panya havai mkanda wa ngozi. Biskuti ni teria, mbwa wa kufukuza panya mpaka shimoni. Tumeachiwa na mzungu wa shirika la wakimbizi aliyerudi kwao. Nilimpokea kwa hoja tatu: ni mdogo, anakula kidogo, na Telesphory hana. Skolastika, mke wangu, ametoa sharti: asipotii mpaka Jumapili, anahamia kwa Telesphory, ambaye ghafla anamtaka huyo panya. Binti yetu Dainess amelia. Nimemwambia atulie, baba yake amesoma.

Jumanne
Nimemsomea Biskuti sura nzima ya utii kutoka kitabu cha kufunza mbwa. Nikamwambia kaa. Akachimba. Nikamwambia njoo. Akachimba zaidi. Mihogo ya Skolastika imeng'oka yote. Telesphory ameuliza juu ya ua: mwalimu, hapo nani anamfundisha mwenzake?

Jumatano
Ugunduzi. Dereva wa shirika kapita amevaa kile kizibao chao cha bluu. Biskuti kakaa chini kwa adabu. Kumbe anatii kizibao, kama cha yule mzungu wake. Nimeandika barua nne gazetini kuyapinga mashirika haya. Hata hivyo, sayansi ni sayansi. Nimekipata kimoja kwenye mitumba.

Alhamisi
Nimevaa. Kaa! Akakaa. Telesphory akarudi ndani kwake, hatua yake ya kwanza ya busara.
Saa nne Feliksi wa Kasingirima kabisha hodi akiomba kazi, leseni ya udereva mkononi. Nimemwambia mimi si shirika. Akasema shikamoo bosi, mabosi wote huanza hivyo. Nyuma yake watu kumi na mmoja, kila mmoja na cheti chake.

Ijumaa
Watu arobaini. Nimewahutubia saa nzima juu ya ubaya wa kutegemea wafadhili. Wamepiga makofi, wakauliza fomu zinatolewa dirisha gani. Nikivua kizibao, mbwa anachimba. Nikivaa, watu wanarudi.

Jumapili, 9 Machi
Siku ya mtihani. Telesphory kaja naye kavaa kizibao, kipya kuliko changu. Tumeita pamoja. Biskuti katutazama mmoja mmoja, akazubaa. Dainess kashika mdomo. Ndipo Skolastika, mikono ina unga, kaita kwa upole kutoka jikoni. Biskuti kaenda mbio, kakaa miguuni pake. Kumbe wiki nzima alikuwa akimpa dagaa na kumtembeza ufukweni kila alfajiri. Kaamua mbwa abaki, vizibao viondoke.

Mambo yamekuwa wazi. Bila hatua zangu za awali, dagaa wale wasingefanya lolote. Kwa hiyo ninyi wenye mbwa wakaidi, kuanzia Ujiji mpaka Kagunga, acheni kuwabembeleza kwa chakula. Waleteni kwangu Jumamosi asubuhi, niwasomee. Na wewe Telesphory, nunua mbwa kwanza.