Benchi la Getini Lihamishiwe Chumba cha Kujifungulia

Kwako Daktari Mkuu wa hospitali hii, mwenye ofisi ya ghorofani yenye pazia la bluu,

Salamu nyingi. Natumaini umeamka salama, na kama hukulala kwa sababu ya kazi, pole sana. Mimi ni yule bibi aliyekaa kwenye benchi la getini tangu asubuhi, nimevaa sweta la kijivu. Ukichungulia dirishani utaniona, nitakupungia mkono. Kuandika sijui. Anayeniandikia ni mlinzi wako, kwenye karatasi ya kitabu cha wageni, na nakuomba usimgombeze. Geti analitazama kwa jicho moja na karatasi kwa jicho la pili. Ameniambia barua ya ofisini haiendi bila Yah. Basi aiweke.

YAH: KUOMBA BENCHI LA GETINI LIHAMISHIWE CHUMBA CHA KUJIFUNGULIA, NIKIWA NIMELIKALIA

Daktari, mjukuu wangu anajifungua leo, mimba ya kwanza. Ni mjukuu lakini nimemlea mwenyewe tangu ana miaka minne, mama yake alipopata kazi mbali, kwa hiyo hesabu kwamba ni mtoto wangu. Nimemsuka nywele, nimemtoa chawa, nimemfundisha kufunga kamba za viatu ingawa mimi mwenyewe navaa ndala. Tumefika hapa saa moja asubuhi, mimi, yeye na mumewe ambaye ni kinyozi, na mkoba, na beseni, na khanga nne, na chupa ya chai. Vyote vimeruhusiwa kuingia isipokuwa mimi. Beseni limeingia. Nilitaka ujue hilo kabla sijaanza kulalamika.

Sasa malalamiko. Mlinzi atayapa namba.

1. Sheria ya mtu mmoja. Pale mlangoni mmebandika karatasi, nimesomewa, inasema mzazi ataingia na msindikizaji mmoja tu. Mmoja, Daktari. Mtoto huyu kumtafutia jina wamekaa watu saba, na bado hawajaelewana. Kumnunulia kofia wamekwenda watatu. Leo kazi yenyewe imefika, mnataka mtu mmoja. Mimi nilipokuwa najifungua, chumba kilijaa watu mpaka wengine wanachungulia mabegani mwa wenzao, na kila mmoja ana la kusema, na hakuna aliyenisaidia hata kidogo, lakini walikuwepo.

Na mjukuu wangu alipoambiwa achague huyo mmoja, akamchagua kinyozi. Nikamuuliza, mama, kwa nini. Akanishika mkono, akaniambia kwa upole kabisa, "Bibi, pale ndani nitahitaji kimya. Wewe unaongea sana." Mimi. Daktari, waulize watu wa mtaani kwangu. Muulize muuza mkaa. Au basi, muuza mkaa usimuulize, tuna maneno yetu mimi na yeye kuhusu gunia moja, lakini hilo halihusiani na hospitali.

2. Darasa. Msindikizaji sharti awe amehudhuria darasa la wajawazito, kule kliniki, siku za Jumanne. Mimi nilihudhuria. Nilikaa mbele. Nesi ana mwanasesere na ana nyonga ya plastiki, anampitisha mwanasesere kwenye nyonga, anasema hivi ndivyo itakavyokuwa. Nikamwambia, mwanangu, mwanasesere huyo hana mabega, mabega ndiyo yenye kazi. Akasema tuendelee. Akafundisha kupumua. Mimi nimezaa saba na nimepumua mara zote saba bila mwalimu. Akasema uchungu ukianza mama atembee, akisikia kiu anywe maji, chupa ikivunjika aje hospitali haraka. Mimi nikamuuliza chupa gani, ya chai au ya maji. Wakacheka wote, nami nilikuwa najua, nilitaka tu kuwachangamsha maana walikuwa wamenyong'onyea. Hapo ndipo nikaombwa nimalizie somo nje. Kwa hiyo kinyozi, aliyebaki ndani mpaka mwisho, ana cheti na mimi sina.

Halafu mambo ya sentimita. Leo nesi ametoka akasema, "Bado, Bibi, ni sentimita nne." Zikifika kumi ndiyo mtoto. Enzi zetu hatukupimwa kama kitambaa cha gauni, tuliambiwa bado, basi. Siku niliyomzaa wangu wa tatu ilikuwa siku ya kuletewa kabati. Mafundi wawili wamelibeba, kabati kubwa la mbao nzito, wamelifikisha mlangoni likakwama. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Mimi niko chumbani upande wa ndani, uchungu umenishika, na mkunga ndiyo kwanza anafika, yuko upande wa nje. Basi nikamwambia yule fundi mrefu

Mlinzi anasema hii ni barua ya malalamiko, habari ya kabati iishie hapo. Nimekubali kwa sababu kalamu ni yake.

3. Kinyozi. Simsemi vibaya, ni mume wa mjukuu wangu na mkono wake ni mwepesi, hata mlinzi hapa ananyolewa kwake. Lakini namfahamu. Mteja akichubuka kidevuni, mteja anasimama na kinyozi ndiye anayekaa. Alikaa mwaka jana kwa sababu ya chunusi. Huyo ndiye mliyempa gauni la kijani na kofia na mkasi, mkamwambia atakata kitovu. Na ni mtu wa kimya, maneno yake ya siku nzima unaweza kuyatia kwenye kiberiti na njiti zikabaki. Atakaa pale amemshika mkono mke wake, amemtazama, na saa ya ukutani inagonga. Mtu anasubiri sentimita sita na hana wa kumsimulia chochote. Hiyo mimi naiita adhabu.

4. Namba hii iachwe wazi. Kuna kitu kilinijia nikiwa naoga asubuhi, nitakikumbuka.

5. Dirisha. Saa nne hivi nilizunguka nyuma ya jengo, kwenye kamba za kuanikia mashuka, nikaona dirisha limefunguliwa kidogo. Nikasikia sauti ya kina mama. Nikasema, sukuma mama, sukuma, bibi yako niko hapa. Daktari, nilisema kwa sauti ya kawaida yangu. Mkunga, yule mnene mwenye saa kifuani, akatoa kichwa akaniambia kwanza mjukuu wangu hajafika kusukuma, yuko anatembea koridoni, na pili wodini humo kuna wanawake watatu wamenisikia na mmoja amesukuma kabla ya wakati wake. Nimemwomba radhi huyo mmoja, na nimesikia wote wazima, mtoto wa kiume. Lakini utaona mwenyewe, kama ningekuwa ndani nisingehitaji kupaza sauti. Kosa ni la ukuta.

6. Kwa hiyo ombi lenyewe. Benchi hili ni la watu watano wakijibana. Tulihesabu na mlinzi kwa viganja, ni viganja kumi na vinne. Lihamishiwe chumba cha kujifungulia, liwekwe upande wa kichwani, miguuni tumwachie mkunga, hatutaki kuingilia kazi za watu. Akae bibi mzaa mama. Akae bibi wa upande wa mume, yule tunayemwita Bibi Mwavuli kwa sababu hauachi hata ndani ya nyumba, ni haki yake na yeye, sina kinyongo. Shangazi mmoja. Jirani mmoja. Na nafasi ya tano abaki nayo kinyozi, ili akiona damu awe tayari amekaa.

Kila mzazi awe na benchi lake. Vitanda vipo vinne, mabenchi manne, watu ishirini. Ishirini hao watahitaji chai, kwa hiyo na jiko. Jiko lina moshi, kwa hiyo dirisha lile lipanuliwe. Na dirisha likishakuwa pana kiasi hicho, Daktari, si afadhali ukuta wote utolewe tu, watu wakae uwanjani, waone, wapige makofi panapostahili. Mlinzi anasema wazazi wenyewe watakuwa wapi na aibu zao. Nimemwambia wapewe pazia. Pale ofisini kwako lipo moja zuri la bluu.

7. Na kama ukuta hauwezekani, basi kitanda cha mjukuu wangu kitolewe, kije hapa getini. Kina magurudumu, nimeona. Benchi halina. Chenye magurudumu ndicho kikifuate kisichokuwa nayo. Mlinzi atafunga geti nusu saa.

8. Wakati unalifikiria hili, nakuomba utoe amri mtoto asizaliwe mpaka barua hii ijibiwe. Najua una kazi nyingi, sikuharakishi, hata kesho kutwa. Mkunga awaambie wote wawili, mama na mtoto, wapumue kama walivyofundishwa Jumanne.

Daktari, mimi si mtu wa fujo. Nina miaka ambayo sijui idadi yake lakini ni mingi, na kitukuu huyu ndiye wa kwanza. Wajukuu zangu wote nimewaona wakiwa wameshaoshwa, wamefungwa, wamelala, kama mkate kutoka dukani. Nilitaka mara moja tu nimwone mtu wangu anaingia, nimwambie karibu. Na nilitaka yule niliyemfundisha kufunga kamba za viatu anione nipo. Hilo tu. Mengine yote ni namba.

Wasalimie walioko ofisini kwako, na mke wako, na watoto, na mama yako kama yupo, mpe pole ya kukuzaa. Msalimie nesi wa Jumanne, mwambie mabega. Mlinzi naye anakusalimu, anasema taa ya getini imeungua tangu mwezi uliopita na amesharipoti.

Mimi kwa heshima zote,
bibi wa benchini
(dole gumba limewekwa hapa kwa wino wa kitabu cha wageni)

N.B. Daktari, barua ilikuwa tayari imekunjwa, imefunguliwa tena. Usifanye chochote nilichokuomba hapo juu.

Saa nane kinyozi alitoka kwenye mlango ule, uso umempauka, gauni la kijani amelivua amelishika mkononi. Nikajua amekutana na tone la damu. Akakaa hapa benchini, akainamisha kichwa katikati ya magoti, akasema, "Bibi, nenda wewe. Anakuita." Nikamwambia nani, kwa sauti gani. Akasema, "Amesema kimya kimemchosha. Amesema, niitieni Bibi aje aongee."

Mlinzi ameona nilivyokimbia, muulize. Cheti hawakuniuliza.

Mjukuu wangu alikuwa ameshika chuma cha kitanda, jasho linamtiririka, akasema, "Bibi, ongea." Na mimi, Daktari, kwa mara ya kwanza maneno yalinipotea. Nilisimama pale kama beseni. Akasema tena, "Ongea, Bibi, hata lile kabati." Alipokuwa mdogo nilikuwa namsimulia ili alale, na alikuwa analala kila siku kabla sijafika mwisho. Basi nikaanza. Nikasema kabati likakwama, mkunga nje, mimi ndani. Uchungu ukija nanyamaza, ukipungua naendelea. Nikasema ubao wa nyuma wa kabati ulikuwa upande wangu, na skrubu zake upande wangu. Nikamwambia fundi mrefu anipitishie bisibisi kwa chini. Nikafungua skrubu moja, nikashika tumbo, nikafungua ya pili, nikashika tumbo, mpaka zote nane, ubao ukaanguka. Mkunga wako mnene akasema, "Haya sasa, mama, sukuma," halafu akanigeukia mimi, "na wewe usikatishe, endelea." Nikasema basi mkunga kule nje akafungua milango ya kabati, akaja kupitia ndani yake, akatanguliza kichwa, na hapo hapo huyu kitukuu naye akatanguliza kichwa chake. Halafu mabega. Mabega yalikuwa na kazi yake, kama nilivyosema.

Ni msichana. Amewekwa kifuani kwa mama yake akiwa bado mbichi, hajaoshwa, na kafungwa kikaratasi mkononi chenye namba ya mama yake ili asipotee. Nimemwambia karibu. Amenitazama kwa jicho moja. Mjukuu wangu sasa anajua mwisho wa habari ya kabati.

Kuhusu namba nne, nimekumbuka. Nilitaka kuuliza kama huyo mkunga mwenye saa kifuani ana mtu wa kumpikia akitoka kazini. Kama hana, nyumba yangu anayo.

Kuhusu benchi, libaki lilipo. Ni benchi zuri, limekaa vizuri, lina kivuli. Na sheria ya mtu mmoja, Daktari, nakusihi isiguswe. Ni sheria ya busara sana. Mle ndani mahali ni padogo, mtu wa pili angekuwa amesimama wapi.

Nasema hivyo kwa sababu Bibi Mwavuli amefika. Amekaa hapa benchini karibu na kinyozi, ambaye rangi imemrudi na anakula mkate. Amekasirika kwamba hakuitwa. Sasa hivi anamwomba mlinzi kalamu, naye ana barua yake kwako, na amesema ina namba kumi na mbili. Ikikufikia, iweke tu pembeni. Yule mama anaongea sana.