Sumu kwenye Kapu la Posa

Alhamisi, 10 Julai
"Neno likishajulikana maana yake, halina mjadala." Kauli ya shemeji Sufiani hiyo, muuza mabati. Upuuzi! Chukua neno moja la Kizungu, gift. Mwingereza anapokea zawadi. Mjerumani anaita polisi: kwake ni sumu. Mswidi analo mara mbili: sumu, na mtu aliyekwisha kuoa au kuolewa. Mimi nimesoma. Yeye amesoma bei.

Jumamosi watu wa Handeni wanakuja hapa Kwamndolwa kumposa mpwa wangu Mwaija. Dada Maryamu, mama yake, kanichagua mimi niwe msemaji. Kaniomba niseme machache. Nitajaribu.

Jumamosi, 12 Julai
Mungu anisitiri! Wageni walileta kapu la halua na kalimati, na kibuyu cha maziwa mgando. Utepe wa kapu umeandikwa GIFT. Nafasi iliyoje! Nikasimama, nikafundisha. Nilipofika kwa Wajerumani watu wote wakaligeukia kapu. Nikadhani wamevutiwa.

Bibi yake Muhsin, kijana anayeposa, akauliza kwa upole kama mjomba amesema chakula chao kina sumu. Nikamjibu, kwa Kijerumani tu, bibi. Akasema basi tutoe uchawi. Kwa desturi mwenye chakula ndiye huonja kwanza, ila leo ataonja aliyetaja sumu. Tena kila kitu, la sivyo wanaondoka na posa yao.

Nikala halua. Nikala kalimati. Bibi akasogeza kibuyu: onja na hiki, baba! Maziwa mgando juu yake. Sufiani akanong'ona kwa sauti ya kufika barabarani: mpeni Mjerumani ashushie!

Nikakimbilia msalani mbele ya ukoo mzima. Nyuma yangu mtu akapiga kelele: kumbe kweli! Hakuna aliyegusa chakula tena. Wageni wamebeba kapu lao, wameondoka. Mwaija analia chumbani.

Jumapili, 13 Julai
Dada hanisemeshi. Sufiani kaenda Handeni bila kuniaga. Msaliti! Karudi jioni anang'aa. Eti aliketi mbele ya bibi, akaimaliza halua ileile, akaomba nyongeza, akasinzia mkekani. Bibi kacheka mpaka kafuta machozi. Watarudi Jumamosi. Sharti moja: mjomba akae kimya. Wazee wetu wameitikia.

Jumatatu, 14 Julai
Kimya! Mimi! Kosa lilikuwa la maziwa. Na nimepata neno salama kabisa, halihusu chakula: barn. Mwingereza anafugia ng'ombe humo. Kwa Mswidi ni mtoto. Nitamshika Mwaija mkono mbele ya wakwe, nianze na zizi.

Wazee wa ukoo mlioitikia sharti lile: Jumamosi nipeni kipaza sauti, na Sufiani mkalisheni nyuma!